Miwani Moja, Darasa Zima



Mfadhili mmoja anayezijua shule zetu kwa miaka mingi ametuuliza swali ambalo hatukulitarajia. Yuko tayari kuzinunulia shule tatu za huku kwetu, moja Musoma, moja Bunda na moja Butiama, miwani ya uhalisia pepe, nne kwa kila shule, pamoja na mchezo mmoja wa watoto. Sharti lake ni dogo: kila shule itenge chumba chenye umeme, kufuli na mtu wa kuvitunza vifaa. Kabla ya kutoa fedha anataka kujua kama mchezo wenyewe unafaa shuleni. Akatuazima miwani moja ili tujaribu na kumjibu.

Tumelichukua ombi hili kwa uzito kwa sababu shule zetu hazikatai zawadi. Stoo za shule nyingi zina ushahidi wa jambo hilo: kompyuta zilizopokelewa kwa ngoma na picha, leo zimefunikwa kwa kanga na vumbi. Zawadi isiyo na matumizi nayo inakula chumba, umeme na muda wa mwalimu, na mwishowe mchango wa mzazi. Ndiyo maana tumeona ni heri tuseme mapema tunachokiona, tena hadharani, ili kamati za shule na wazazi nao waseme chao.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: mchezo ni mzuri, na watoto wetu wanastahili kuucheza. Lakini kwa namna ulivyopendekezwa, miwani nne ndani ya chumba cha darasa, haufai. Kuna namna nyingine inayofaa, nasi tuliigundua karibu kwa bahati, kule Butiama.

Mchezo wenyewe

Kwa wasioifahamu, miwani ya uhalisia pepe ni kifaa kinachofunika macho yote mawili kabisa. Ndani yake kuna vioo na skrini. Ukigeuza kichwa kushoto, unachokiona kinageuka nawe. Ukiinama, unaona kilicho chini. Baada ya dakika moja unasahau kwamba umeketi kwenye kiti cha plastiki ukumbini. Mama mmoja wa jumuiya alisikia "pepo" badala ya "pepe" akataka kujua kwanza kama Paroko ana habari. Tulimvisha. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema mambo ya pepo yameisha, sasa tueleze gharama.

Mchezo unaitwa Moss. Ulitengenezwa na kampuni ya Polyarc ya Seattle, Marekani, ukatoka mara ya kwanza mwezi Februari 2018, na sehemu yake ya pili ilifuata mwaka 2022. Ni mchezo wa kuruka na kupanda: mhusika anaruka kutoka jiwe hadi jiwe, anapanda ukuta, anakwepa shimo na kutafuta njia ya kuufungua mlango uliofungwa. Mchezaji anaanza akiwa ameketi katika maktaba kubwa, kitabu kikiwa mbele yake. Anafunua kurasa, na hadithi inasimama mbele ya macho yake: msitu, magofu, kijito, na katikati yake panya mdogo wa kike aitwaye Quill, mwenye upanga, anayekwenda kumwokoa mjomba wake Argus katika nchi iliyotekwa na nyoka wa moto.

Kilichotuvutia ni kwamba mchezaji si Quill. Mchezaji ni Msomaji, kiumbe mkubwa anayemtazama panya huyo kutoka juu. Quill anaruka na kupigana kwa maelekezo yetu, lakini hawezi kusogeza mawe makubwa. Hiyo ni kazi ya Msomaji, anayeyavuta kwa mkono. Quill akiumia, Msomaji anamgusa na kumponya. Mmoja bila mwenzake hafiki popote. Quill hazungumzi kwa maneno. Anaashiria, na ishara zake nyingine ni za lugha ya alama ya Marekani. Mapigano yapo, ila maadui ni wadudu wa mitambo, na damu haionekani. Mchezo unachezwa na mtu mmoja akiwa ameketi, na hakuna mtu asiyemfahamu anayeweza kumsemesha mtoto akiwa ndani. Ukiucheza mfululizo unaisha kwa saa tatu hadi nne hivi.

Tuliulizwa na mzazi mmoja kama kuna uchawi. Kuna masalia yenye nguvu za ajabu, kama ilivyo katika ngano. Sisi hatukuona linalozidi hadithi za sungura, fisi na majitu ambazo bibi zetu wa Kijita, Kizanaki na Kikurya walitusimulia jikoni. Wema unashinda, mdogo anamshinda mkubwa kwa akili na uaminifu, na ndugu hamwachi ndugu yake. Kwa upande wa maadili, hatuna shaka nao.

Tuliyoyaona Musoma na Bunda

Kwa ruhusa ya wazazi, tuliipeleka miwani kwanza kwa watoto wa Utoto Mtakatifu wa Musoma, Jumamosi baada ya mafundisho. Tuliwapanga mstari. Aliyevaa alifurahi kupita kiasi, alinyoosha mkono kumpapasa panya asiyekuwepo, akacheka, akasema "nimemshika!" Waliobaki waliona nini? Waliona mwenzao amefunikwa macho, anapapasa hewa. Dakika tano za kwanza jambo hilo lenyewe lilichekesha. Baada ya nusu saa mstari ulikuwa umekatika. Wavulana walikwenda kucheza mpira nje, wasichana wawili wakaanza rede, na waliobaki wakagombania zamu. Mtoto mmoja alivua miwani kwa kizunguzungu, akaomba maji na kukaa kivulini. Aliyekuwa anacheza hakujua lolote kati ya hayo, kwa kuwa macho na masikio yake yalikuwa msituni.

Bunda tulikwenda shuleni, tukazungumza na walimu kabla ya watoto. Mwalimu mmoja wa hisabati alichukua chaki akatufanyia hesabu ubaoni, nasi tunairudia hapa kwa sababu hatujaweza kuikanusha. Kipindi ni dakika 40. Chukua miwani nne kama mfadhili anavyopendekeza. Kila mtoto apate dakika 8 za kucheza na dakika 2 za kufuta kifaa, kufunga mkanda na kumwelekeza. Ndani ya kipindi kimoja watapita watoto 16. Darasa la watoto 64 litahitaji vipindi vinne ili kila mtoto acheze dakika 8. Na ukitaka kila mtoto aumalize mchezo wa saa tatu, utahitaji vipindi kama 90. "Na hao 48 wengine," akauliza, "kwa kila kipindi nawafundisha nini, na nani anamwangalia aliyefungwa macho asijigonge?"

Hesabu hiyo inatosha kuonyesha kosa lililomo katika pendekezo. Walioandika sifa za michezo hii wanafikiria nyumba yenye sebule, watoto wawili na mzazi kwenye kochi. Kwa nyumba hiyo mchezo ni wa kifamilia kweli. Darasa letu si sebule.

Tena kuna lugha. Msimulizi wa Moss anazungumza Kiingereza, kizuri na cha taratibu. Mtoto wa darasa la tano katika shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili anaona msitu mzuri na kusikia sauti nzuri isiyomwambia kitu. Watoto wa Bunda waliruka mashimo vizuri kabisa. Tulipowauliza Quill anamtafuta nani, hawakujua.

Tukiwa Bunda tulisikia pia watu wakisema uhalisia pepe utawaonyesha watoto wanyama wa mbali. Tunaomba kuwa wakweli hapa. Hifadhi ya Serengeti inapakana na vijiji vya wilaya hiyo. Mtoto wa huko hahitaji miwani ili amwone tembo. Anahitaji usiku mmoja ambao tembo hawatakula mahindi ya baba yake. Kama shule ina fedha za kuwaonyesha watoto dunia, ianze na basi la kuwapeleka getini Ndabaka, au makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, ambako watoto wengi wa mkoa wetu hawajawahi kufika.

Tuliyoyaona Butiama

Tulifika Butiama tukiwa tumekwisha kukata tamaa, na jibu la "hapana" tayari lilikuwa limeandikwa. Tulikusanyika na watoto na vijana katika ukumbi ulio na televisheni. Frateri mmoja aliyekuwa nasi alijua kwamba miwani hiyo inaweza kurusha kwenye televisheni kile anachokiona aliyeivaa. Aliunganisha kwa simu yake, na msitu wa Quill ukatokea ukutani mbele ya wote. Kisha, kwa kuwa watoto walikuwa wakiuliza "anasema nini?", akaanza kutafsiri: msimulizi akisema sentensi moja, yeye anaisema kwa Kiswahili, na kunogesha kidogo.

Ukumbi ulibadilika. Aliyevaa alikuwa mmoja, lakini waliokuwa wanacheza walikuwa wote. "Ruka! Subiri kwanza! Vuta jiwe la kushoto! La kushoto, si hilo!" Kwenye mlango mmoja mgumu walikwama muda mrefu, mpaka msichana aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, ambaye hakuwa ametia neno tangu tufike, akasema mtoe kwanza yule mdudu, mweke juu ya kile kitufe. Ilikuwa sahihi. Ukumbi ulipiga makofi. Zamu ilipobadilika hakuna aliyegombana, kwa sababu asiyevaa hakuona kama amenyimwa. Mzee mmoja aliyekuwa amepitia tu kumchukua mjukuu wake alibaki hadi mwisho, akitoa ushauri ambao kwa kweli haukusaidia.

Tulipofunga, tuliwapa karatasi tukawaomba waandike hadithi inaendeleaje. Waliandika. Mmoja alimfanya Quill avuke Ziwa Victoria kwa mtumbwi. Mwingine aliandika kwamba Argus alikuwa amekwenda machimboni na hakupiga simu. Hapo ndipo tulipoona somo: kusikiliza, kufuata mpangilio wa matukio, kutoa maelekezo yanayoeleweka, kufikiri pamoja, kuandika. Na karibu yote yalitokea nje ya miwani.

Njiani tukirudi tulijadiliana tumeyaona wapi mambo haya, na jibu lilikuja lenyewe: kwenye bao. Bao linachezwa na watu wawili, lakini halichezwi na wawili tu. Waliozunguka wanahesabu kete, wanaguna, wanacheka, wanamwonya mmoja na kumchokoza mwingine. Na kijana anajifunza bao kwa kusimama kando miaka miwili kabla ya kuthubutu kuketi. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alilipenda bao, na kijijini kwake Butiama alilicheza akiwa amezungukwa na watu. Bao lina kipimo ambacho tungependa kila mchezo unaoingia shuleni upimwe nacho: je, unampa nafasi aliye kando? Musoma miwani yetu ilishindwa kipimo hicho. Butiama, kifaa kilekile na mchezo uleule vikafaulu.

Wanaotupinga

Si wote kati yetu waliokubaliana. Wenzetu wawili wamesema, na wamesema kwa uchungu, kwamba tunawachagulia maskini umaskini. Watoto wa shule za gharama za Dar es Salaam na Arusha watakua na vifaa hivi mikononi. Wa kwetu wataambiwa habari za basi na bao. Kesho watakutana katika soko moja la ajira. Hoja hii ina nguvu, na hatutaki kuipita haraka.

Tunajua kwamba teknolojia ya michezo inaweza kumfundisha mtoto wa kijijini, kwa sababu ilikwisha kufanyika hapa hapa nchini. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE, karibu watoto 2,700 wa vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua, vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili zilizojaa michezo. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Walipimwa kabla, wakapimwa tena baada ya miezi 15, na idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja la Kiswahili ilipungua kwa nusu. Washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, walitangazwa Mei 2019.

Tazameni lakini kilichofanya kazi kule Tanga. Kila mtoto alikuwa na kifaa chake. Lugha ilikuwa yake. Programu zilitengenezwa kwa ajili ya kufundisha, na mwisho watoto wakapimwa. Moss haina hata moja kati ya hayo, na si kosa lake: ilitengenezwa iwe mchezo, na ni mchezo mzuri. Kosa litakuwa letu tukiibandika jina la "kifaa cha kufundishia" ili kuhalalisha fedha. Anayetaka watoto wa Mara wasiachwe nyuma kidijiti atatusaidia zaidi kwa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili kuliko kwa miwani nne za zamu.

Wengine wanatupinga kutoka upande wa pili: kwa nini seminari inahangaika na michezo? Kwa hao tuna majibu ya Kanisa. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha katika Summa Theologiae kwamba roho huchoka kama mwili uchokavyo, na mchezo ni pumziko lake. Kuuzidisha ni kosa, na kuukataa kabisa ni kosa pia. Mtakatifu Yohane Bosco aliwavuta vijana wa Torino kwa michezo na mazingaombwe kabla ya kuwafundisha katekisimu. Na Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, alicheza michezo ya video kama vijana wa rika lake, ila alijiwekea kikomo cha saa moja kwa wiki. Saa moja kwa wiki: tunaipenda kanuni hiyo, na tutairudia hapa chini.

Mambo ya kuangalia

Kama shule au parokia itaamua kuipokea miwani, kuna mambo ambayo hayaonekani katika matangazo.

La kwanza ni umri. Kampuni ya Meta, inayotengeneza miwani ya Quest, hairuhusu watoto wa chini ya miaka 10. Tangu mwaka 2023 wenye miaka 10 hadi 12 wanaruhusiwa kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Watoto wa madarasa ya chini, ambao ndio waliotulilia zaidi, wako nje kabisa. Na kwa waliobaki tujiulize: shuleni mzazi ni nani? Mwalimu hawezi kujifanya mzazi wa watoto 64. Miwani hizi zina kamera zinazotazama chumba, na akaunti inabeba taarifa za mtoto. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mkuu wa shule aisome kabla ya kumsajili mtoto yeyote.

La pili ni macho. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipozunguka nchini, tulikatazana hata kupeana mikono. Kifaa kinachogusa uso wa watoto wanne kwa kipindi kimoja kinahitaji kufutwa kila zamu, tena kwa kitu kisichoharibu vioo wala ngozi. Mwenye jicho linalouma asivae. Mwenye kizunguzungu avue mara moja, na asichekwe.

La tatu ni umeme. Betri ya miwani hizi inadumu saa mbili hadi tatu. Umeme ukikatika asubuhi, mchana hakuna mchezo. Mwalimu awe na somo jingine mfukoni.

La nne ni fedha. Miwani ya bei nafuu ya kampuni hiyo, Quest 3S, ilipotoka mwaka 2024 iliuzwa dola 299 huko Marekani, yaani zaidi ya shilingi 700,000 kabla ya kodi na usafiri. Kwa bei hiyo, miwani 12 ni kama shilingi milioni 9. Zitatoka mfukoni mwa mfadhili, sawa. Lakini kufuli, chumba, mlinzi na umeme vitatoka kwa mzazi yule yule anayedaiwa mchango wa chakula. Kwa hilo tunasema wazi: hata shilingi moja ya mchango wa mzazi isiende kwenye miwani.

La tano ni wale wasioweza kucheza. Shule zetu zinapokea watoto wasioona na wenye uoni hafifu. Kule Butiama, asiyeona angeweza kukaa ukumbini, kumsikiliza msimulizi wa Kiswahili na kupendekeza jiwe lipi livutwe. Musoma, asingepata chochote. Mtoto kiziwi naye angemwona Quill akizungumza kwa mikono, na hata kama alama za Marekani si zile za Lugha ya Alama ya Tanzania, angemwona shujaa anayeongea kama yeye. Tungependa siku moja mtoto wa aina hiyo awe ndiye anayetueleza sisi.

Tunachomjibu mfadhili wetu

Kwa hiyo tunamwandikia hivi, kwa heshima na shukrani.

Usinunue miwani 12. Nunua moja kwa kila eneo, na badala ya zile nyingine tisa, nunua televisheni kubwa au projekta, vitabu vya hadithi vya Kiswahili na karatasi. Usiiweke darasani kama somo. Iweke kwenye klabu ya shule au Utoto Mtakatifu, Jumamosi, saa moja kwa wiki kama Mtakatifu Carlo. Kila anayevaa awe na ukumbi unaoona anachokiona. Awepo msimulizi wa Kiswahili: frateri, mwalimu, au mwanafunzi wa sekondari anayejifunza Kiingereza, na huyo atafaidika kuliko wote. Wa chini ya miaka 10 waketi mbele, watazame na kushauri. Baada ya mchezo, kalamu. Na baada ya muhula mmoja tukae tuwasome: je, wanaandika vizuri zaidi, wanasikilizana zaidi, yule msichana wa nyuma anaongea? Kama hakuna kilichobadilika, tutakurudishia miwani yako ikiwa safi.

Mwalimu Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, aliilaumu shule inayomtoa mtoto katika jamii yake na kumfundisha kujitafutia peke yake. Hakuwa anafikiria miwani, lakini sisi tuliovaa tunajua jinsi ilivyo rahisi, katika kifaa kile, kusahau kwamba kuna watu chumbani. Imani yetu inatuambia kwamba Mungu alitujia katika mwili, akaketi mezani na watu, akaguswa na kusukumwa na umati. Malezi yetu nayo yanapitia huko, kwenye benchi moja na mwenzako anayekusukuma. Kidole kimoja hakivunji chawa, na miwani moja haifundishi darasa mpaka darasa lote lione.

Tunawaomba wenyeviti wa kamati za shule, walezi wa Utoto Mtakatifu na wazazi wa Musoma, Bunda na Butiama watuandikie maoni yao kabla hatujamtumia mfadhili jibu hili. Mwisho wa mambo, watoto ni wenu. Miwani tuliyoazimwa bado tunayo hapa seminari, imefungwa kwenye kabati la Baba Gombera. Waseminari wanauliza kila Jumamosi kama funguo zimepatikana.